Tisheti za klabu ya roboti: anzeni na kitambaa, logo baadae

Mhariri salaam,

Mi ni mzazi hapa Tanga mjini, mwanangu yupo klabu ya roboti kwenye sekondari moja ambayo siitaji, na kazi yangu ni cherehani, nashonea kibarazani huku Ngamiani mwaka wa 19 sasa. Naandika kwasababu shule zimeanza tena kuchangisha hela za tisheti za mashindano, jana tu mama mmoja kaja kupunguza sketi akanionyesha kwenye simu tisheti waliyochaguliwa watoto wao, nikaiangalia nikajisemea haya, na hawa wanaingia shimo lile lile letu.

Sisi mwaka jana tulikua na watoto 24, mwalimu mlezi mmoja, na grupu la wazazi la WhatsApp ambalo ndo usiseme. Ugomvi wa kwanza ulikua rangi. Mtu akiandika nyekundu, baba mmoja anajibu "Simba hiyo, mimi sitoi hata mia". Ikaja kijani na njano, hapo Yanga wakafurahi lakini wengine wakasema jamani watoto wataonekana wametoka mkutano wa chama, bluu nayo wakasema ya Azam, zambarau wakaikuta nayo ina chama chake, yani siku nne nzima watu wazima wanabishana rangi na hakuna hata mmoja aliyeuliza hicho kitambaa ni cha nini. Mwisho mwenyekiti akaamua nyeusi kwasababu "haina timu". Nyeusi, Tanga, mwezi wa pili! Wenyeji wa hapa mnaijua februari yetu, unatoka jasho umekaa tu unasubiri maji ya kuoga.

Na watoto wenyewe walikua na mchoro wao tayari. Binti mmoja wa fomu tuu alichora mkonge, lakini shina lake ni gia, majani yanatoka kwenye meno ya gia. Mwalimu wao wa historia ndo aliwapa wazo, aliwasimulia yule Mjerumani Hindorf aliyeagiza miche 1,000 toka Florida, ikafika huku Tanganyika mwaka 1893 ikiwa imebaki hai 62 tu, na mkonge wote mnaouona ukitoka hapa kwenda Korogwe ulianzia hapo. Binti akasema na roboti yao hivo hivo, vipande vingi vinakufa njiani ila vichache vinatosha. Mi niliupenda ule mchoro. Kamati wakasema mzuri ila "hauna mvuto".

Wenye mvuto wakaletwa na kijana mmoja wa kuprinti. Alikuja na sampo kwenye simu, umeme wa bluu unapiga toka begani mpaka kiunoni, nyota nyota kama angani, na roboti lina macho mekundu limekunja ngumi (roboti ya watoto wetu ni kipande cha plaiwudi na matairi mawili, ngumi itoe wapi). Watu wazima wakachanganyikiwa wote, bei 22,000 kwa moja, kwa watoto 24 ikawa 528,000, ikalipwa.

Sasa hapa ndo pa kuelewa. Ile picha ya rangi zote mwili mzima inapatikana kwa sublimesheni, wanaiprinti kwanza kwenye karatasi, alafu hiti presi inaikandamiza kwa moto wa kama digrii 200, wino unageuka mvuke unaingia ndani ya uzi. Lakini wino ule unashika polista tu, kwenye pamba haukai, ukifua unaondoka. Na nyeusi yenyewe wala sio kitambaa cheusi, ni polista nyeupe iliyochomwa weusi juu, ukiigeuza ndani unakuta nyeupe pe. Kwa iyo siku mlipochagua umeme wa bluu ndo siku hiyo hiyo mmechagua polista bila kujua, na mkichagua polista mmechagua jasho na mengine ntakayosema.

Mi nilijua. Nilikua humo humo kwenye grupu na nikanyamaza, maana ningefungua mdomo wangesema mama fundi anatafuta tenda. Ndo kosa langu hilo, na ndo kinachonisukuma kuandika.

Siku ya mashindano ukumbi umejaa, feni mbili, moja inazunguka kwa kubembelezwa. Watoto wamependeza kweli, sikatai, picha zilitoka safi. Saa tano asubuhi tisheti zote zimewagandia mgongoni, polista hainywi jasho bali inalisambaza tu juu ya ngozi. Ikafika zamu yao waya ukachomoka kwenye mota, kijana mmoja akakaa chini haraka haraka kuulehemu na roboti ameipakata, tone la bati likadondoka tumboni. Kama ingekua pamba ingeungua ikaacha kitundu basi, yake ikayeyuka ikanasa kwenye ngozi, kuibandua alipiga kelele nikamsikia toka jukwaa la wazazi. Kidonda kidogo, kama punje ya kunde, kimepona ila alama anayo mpaka leo.

Hili mafundi tunalijua toka tunajifunza kazi, ukitaka kujua kitambaa unachomoa uzi mmoja unauwasha kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki jivu ukiligusa linapukutika. Polista inajikunja, inanuka plastiki, inaacha kishanga kigumu cheusi. Dakika moja na njiti moja ya kiberiti, kamati nzima ingeona.

Mwanangu alinionyesha video za yale mashindano ya roboti ya Marekani ya FIRST, shirika aliloanzisha Dean Kamen mwaka 1989, kule kwenye sehemu ya kutengenezea roboti huingii bila miwani ya kukinga macho na viatu vilivyofunika vidole, sheria hiyo. Nikaangalia tisheti zao, nyingi raundi za kawaida tu, zile za shingo ya duara zisizo na kola, kifuani logo, rangi kali ya kuonekana toka mwisho wa ukumbi. Yani wenye hela zao wanavaa raundi alafu sisi ndo tunavaa umeme.

Baada ya kile kidonda mwalimu akaja mwenyewe kibarazani. Akaniambia dada yangu, wewe ndo fundi, tungefanyaje? Nikamwambia kwanza waachie watoto wapige kura ya rangi kwa karatasi, wazazi watoke. Wakapiga, chungwa ikapata 17. Hakuna mwenye timu ya chungwa hapa mjini aliyenuna.

Kitambaa tukachukua pamba, ile nzito kidogo ya gramu 180 kwa mita ya mraba, nyepesi sana ukifua mara tatu shingo inakua mdomo wa samaki. Raundi. Mwalimu alitaka tisheti za fomu siksi, zile zenye kola, ili waonekane wana nidhamu, tukakubaliana fomu siksi mbili tu, yake na ya mwalimu mkuu, mtoto anayelala chini ya meza kufunga nati kola ya nini. Vipimo usiulize M au L, kila duka lina M yake, chukua utepe upime kifua mtoto akiwa amevaa, ongeza nafasi, na kumbuka pamba ikifuliwa mara ya kwanza inasinyaa.

Mabinti wa hijabu watengenezewe zao za mikono mirefu toka mwanzo, sio wavalie tisheti juu ya nguo nyingine na joto hili. Mwisho wa mkono niliweka ribu inayobana, kwasababu mkono mpana na gia havipatani, mwaka jana gia ilishamla mmoja ukingo wa nguo, bahati mota ilikua dhaifu. Na ncha za hijabu zinaingizwa ndani ya shingo wakati wa kazi, wenyewe wameshazoea hata hawakumbushwi.

Kuprinti tukarudi kwenye skrini, ile ya kusukuma wino kupitia fremu ya wavu, na mchoro wa yule binti. Skrini kila rangi inataka fremu yake, kwa iyo mchoro wa rangi moja ndo nafuu. Kuna ile nyingine ya kubandika siku hizi, DTF, inatoa rangi zote na inakaa hata kwenye pamba, sina ugomvi nayo ikiwa ndogo, ila ukiibandika kubwa kifua kizima ni kama umemvalisha mtoto plasta, hewa haipiti. Sisi tukaweka ndogo kifuani kushoto na kubwa mgongoni.

Mchoro ulisumbua kidogo. Kwanza binti aliutuma WhatsApp kama picha ukafika umekwaruzika, kumbe utumwe kama dokumenti ndo unabaki na nguvu yake. Pili mistari yake myembamba mno, majani tisa yamebanana, kwenye ile ndogo ya kifuani wino ungeziba katikati ukatoka kama nanasi. Tukakaa nae kibarazani jumamosi moja na maka peni na karatasi, nikamwambia tupunguze yabaki matano.

"Anti, mkonge wenye majani matano hata mbuzi atacheka."

Tukavutana weee, tukaishia saba. Ukiutazama sasa unaona mkonge kwanza, gia unaiona baadae, na ndo alivyotaka mwenyewe.

Wadhamini nao walikuja, mmoja akataka jina lake liwe kubwa kuliko la shule, mwalimu akamshukuru akamrudishia bahasha. Tisheti 8,000, kuprinti 3,000, jumla ya 24 ikawa 264,000, nusu kamili ya zile za umeme. Kushona mikono mirefu sikuchaji, deni langu la kunyamaza hilo. Nusu tuliyookoa wakanunua betri na mota, ikiwemo ya kuzibia ile dhaifu.

Wasiwasi wangu sasa hivi ni kwa hizo shule zingine, maana wazazi wakiona picha za zile nyeusi mtandaoni wanazitaka, hazionyeshi jasho wala kidonda. Wiki iliyopita kaja mwalimu wa shule nyingine, kaiona fremu ya skrini nimeitundika ukutani nyuma ya cherehani, akaomba nimpe aprinti na wao, abadilishe jina la shule tu. Nikamwambia fremu kweli ipo kwangu ila mchoro una mwenyewe, yuko fomu srii sasa, jumamosi mchana huwa anapita hapa, njoo uongee nae na bei atakutajia yeye.

Mama fundi,
Ngamiani, Tanga