Mwanangu, jina lako halitaingia kwenye makala yetu

Mwanangu Zainabu,

Jibu la lile uliloniomba mbele ya mama yako ni hapana. Sitamwomba profesa wangu akuchomeke jina kwenye makala yetu ya utafiti wa figo, hata kama wenzako wa darasa la kumi na moja tayari wameshachapishwa. Nakuandikia kwa sababu hapana ya mzazi isiyo na maelezo huacha kinyongo.

Presha unayoipata naielewa. Hapa Maryland, Marekani, kwa vijana wanaotaka vyuo vikuu kama Harvard au MIT, alama nzuri kila mtu anazo. Kesi ya udahili wa Harvard ya mwaka 2018 ilianika mahakamani jinsi waombaji wanavyopangwa kwa madaraja, na lile la juu kabisa la kitaaluma huenda kwa wachache mno, hasa wenye dalili ya utafiti wao wenyewe. Ndiyo maana kuna kampuni zinazotoza maelfu ya dola kumtafutia kijana msimamizi, mada na jarida. Mzazi mwenye maabara halipi hata senti. Anampa mwanawe data ambayo watu wazima wameihangaikia miaka, halafu kijana anaandikwa mtafiti. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halionekani. Mtoto wa mama anayefanya usafi hospitalini kwetu, mwenye akili kama zako, ataonekana hakujituma.

Soma habari za Korea Kusini. Mwaka 2009 jarida la patholojia, yaani elimu ya magonjwa, lilichapisha makala ambayo mwandishi wake wa kwanza alikuwa binti wa sekondari, aliyekaa kwenye maabara ile wiki mbili tu. Baba yake, Cho Kuk, alipoteuliwa kuwa waziri wa sheria mwaka 2019, mambo yakafumuka. Makala ikafutwa, waziri akajiuzulu, mama akahukumiwa kifungo cha miaka minne kwa makosa yakiwemo ya vyeti vya uongo, na vyuo vikamfutia binti udahili wake. Wazazi wale walimpenda mtoto wao, sina shaka. Lakini aliyepoteza udaktari ni yeye.

Na Kunming, China, mwaka 2020, mtoto wa shule ya msingi alivuliwa tuzo ya taifa kwa mradi wa jeni inayohusishwa na saratani ya utumbo mpana. Wazazi wake ni watafiti, na baba aliomba radhi kwa kuingilia kazi kupita kiasi. Namfikiria yule mtoto. Hakuna aliyemuuliza yeye anapenda kujua nini.

Wewe nimeshakuona unachopenda kujua. Theluji ilipoyeyuka ulishuka kwenye kijito cha Sligo Creek na kile kifaa cha kupima maji yanavyopitisha umeme; yakizidi chumvi, namba hupanda. Juu ya daraja uliandika 410. Chini ya maegesho ya magari uliandika 2,130, ukaikata, ukapima tena, ukaandika 2,120, na pembeni kwa penseli: “nimekosea?” Sijawahi kuona kitu kikanifurahisha kama ile alama ya kuuliza. Chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi huweza kuzama ardhini na kuendelea kutoka hata kiangazi. Kama ndivyo ilivyo pale kwenye kijito chetu, atakayejua ni mtu atakayepima Julai kwenye joto na mbu, wenzake wakiwa kwenye bwawa la kuogelea.

Ukitaka kuipeleka kazi hiyo kwenye Regeneron Science Talent Search, mashindano ya utafiti ya wanafunzi wa sekondari, ipeleke. Mashindano hayo yapo tangu 1942, na zawadi ya kwanza sasa ni dola 250,000. Lakini wale 40 wanaofika fainali huitwa Washington, na majaji huwauliza hata maswali ya sayansi yasiyohusu mradi wao kabisa. Pale hakuna baba. Mtu akibebwa mpaka mlangoni, ndani ataingia na miguu ipi?

Msaada wangu utaupata, tena mwingi. Nitakuendesha mpaka kijitoni, nitakufundisha kukisawazisha kifaa kabla ya kupima, na nitakuuliza maswali mpaka unichukie. Grafu utachora wewe. Sentensi zako sitazigusa, hata zile za kiingereza cha haraka haraka. Na kila nilichokufundisha utakiandika kwenye fomu ya mashindano kwa jina langu, wazi, bila kuona aibu, maana kufundishwa siyo kosa. Yule mwalimu wako wa kemia mwombe awe msimamizi. Akikubali, umsikilize yeye kuliko mimi.

Kama Harvard hawatakutaka, kuna Chuo Kikuu cha Maryland hapo College Park, na kina wanasayansi wa maji wazuri tu. Mimi na mama yako tutashangilia vilevile, na bibi yako Tanga atapigiwa simu usiku huohuo.

Jumamosi saa moja asubuhi tutoke. Vaa buti. Lile daftari usilinakili upya, lije na namba zake zilizokatwa.

Baba yako