Pesa za Singo Natuma, za Jukwaa Situmi

Hamburg

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, baridi nimeshaizoea, na zamu za usiku zimepungua tangu nilipofanywa msimamizi wa wauguzi katika wodi yetu. Orodha ya gharama za harusi ya mdogo wangu imenifikia, nami nimeisoma mstari kwa mstari.

Ukumbi, jukwaa la maua ya plastiki na kamera ya kuruka angani vimekula karibu pesa zote, ilhali singo ya kumsugua bibi harusi haimo, somo wa kumfunda hayumo, na vugo, ile ngoma ya pembe ya wanawake, halikutajwa kabisa, utadhani pembe za Bibi zilizo uvunguni zinakodiwa. Ami, ndugu yake Baba, anasema kwamba mila ni hasara, na kwamba mimi ninayeishi na Wazungu ndiye niliyefaa kulijua hilo mapema. Mwambie, kwa heshima zake zote, kwamba hao Wazungu wenyewe hawajaziacha zao.

Muuguzi mwenzangu, Mjerumani, alipokuwa akiolewa, tulialikwa kwao usiku wa kuamkia harusi, kila mtu na vyombo vyake vibovu vya kauri, sahani, vikombe, hata beseni la kunawia, tukavivunja mbele ya mlango kwa kishindo cha kuamsha mtaa. Usiku huo wanauita Polterabend. Vioo havivunjwi, kwani huko ni kuita nuksi. Kisha maharusi wakapewa mafagio, wakafagia vigae vyote wenyewe, na kila walipokaribia kumaliza mtu akawamwagia vingine. Ndoa yenyewe ilifungwa mbele ya ofisa wa serikali, maana tangu sheria ya 1875 ndoa ya kanisani peke yake haihesabiki huku, tofauti na kwetu Kenya, ambako sheria ya ndoa ya 2014 inaitambua nikaha.

Majirani zangu Waturuki, ambao wazee wao walikuja kufanya kazi viwandani baada ya mkataba wa 1961, nao wanao usiku wa hina. Bibi harusi hufunikwa shela nyekundu, wasichana wakamzunguka na mishumaa huku wakimwimbia nyimbo za kumliza, na ukifika wakati wa kumtia hina hufumba ngumi, wala haifumbui mpaka mama mkwe ampe sarafu ya dhahabu. Hina yao ya asili hupakwa zaidi kiganjani. Mwaka huu niliombwa mimi nimchore binti yao, nikamshushia maua kutoka kwenye viwiko hadi ncha za vidole, na mama mkwe mwenyewe akataka kujua Mombasa iko wapi. Nilimjibu kwa kirefu.

Sasa kuhusu kilemba, ile pesa anayotoa bwana harusi kwa mzee wa bibi harusi. Nasikia kwamba Ami amekiongeza maradufu ili jukwaa lipatikane, na mkaja, zawadi yako wewe uliyemzaa mtoto, umesahauliwa. Mahari ni ya mdogo wangu peke yake, hilo halina mjadala. Lakini kilemba ni heshima ya mzee, na Baba angekuwa hai asingekigeuza mtaji. Kama Ami ana haja na jukwaa, na alilipie kwa kodi ya ile nyumba ya Majengo, ambayo hatujaulizana habari zake tangu matanga.

Mama, kopo la liwa alilonipa Khalati, dada yako, bado ninalo. Hulifungua usiku, nikanusa, nikalifunga upesi lisije likaisha harufu. Singo niliyosuguliwa mimi, waridi, liwa na karafuu, siwezi kukubali mdogo wangu aikose, akapakwe mafuta ya chupa saluni na msichana asiyemjua hata jina.

Kwa hiyo natuma pesa za singo, za hina, za somo, na za vitambaa vya kupokelea vugo kutoka Kibokoni hadi nyumbani kwa bwana harusi. Likizo sikupata, na kwa hivyo ningekuwa wa kwanza kuitaka hiyo video. Hata hivyo nasema kwamba siku ya kupamba simu zote zikusanywe mlangoni kama desturi, kwa kuwa wanawake watavua mabuibui yao, na mimi nitasimuliwa. Pesa zitaingia kwenye simu ya Khalati, si ya Ami.

Wasalamu,
Binti yako