Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa Kiboriloni, kuhusu yule mpigadebe wako wa katuni

Mdogo wangu,

Marahaba, maana shikamoo yako naijua hata kabla hujaituma. Miswada kumi ya msimu wa pili nimeisoma. Mpigadebe wako wa stendi ya Moshi bado anachekesha, ila huyo mwongo wetu umemfanya malaika ghafla tangu sehemu ya kwanza, na hapo ndipo utakapowapoteza watu.

Katika katuni ndefu ya vichekesho, mhusika anaweza kuharibika kwa kukamuliwa sifa moja. Ned Flanders wa The Simpsons, katuni ya Kimarekani iliyoanza 1989, mwanzoni alikuwa jirani mwenye maisha yaliyonyooka, na Homer, baba wa familia ya Simpson, alimwonea wivu. Ulokole ulikuwa kipande tu cha utu wake. Misimu ilivyosonga, waandishi wakawa wanamgusa kwenye dini kila walipotaka kicheko cha chapchap, kwa kuwa kichekesho kinachojulikana hakihitaji maandalizi. Ikabaki karibu dini tupu, na ule wivu ukakosa pa kushika.

Kosa lako ni jingine: unamgeuza moyo bila sababu. Angalia Randy Marsh, baba mmoja katika South Park, katuni nyingine ya Kimarekani. Miaka yote ni mwanajiolojia, halafu 2018 wakampeleka shambani kulima bangi. Kazi na makazi vilibadilika, lakini ule ujinga wa kukurupukia kila jambo jipya ukabaki palepale, ndiyo maana alifuatika. (Kwa maoni yangu walipitiliza baadaye: shamba likameza misimu, wale watoto wanne, wahusika wakuu, wakawa kama wageni kwenye kipindi chao.)

Kwa hiyo, sehemu ya 1 hadi 3 mwache adanganye, ila kila uongo umgharimu zaidi. Ya 4 apoteze kitu kisichorudi. Kigoda chake pale getini kinafaa, kijana mwingine akikalie. Ya 5 hadi 8 ajaribu njia mpya, ashindwe, arudie ya zamani.

Lile onyesho la basi la Arusha usiliguse: “Bado siti mbili tu, tunatoka!” na ndani yumo konda peke yake, amelala. Sehemu ya 9 mletee mama mwenye mtoto anayeumwa. Aanze, “Bado siti...” akwame. “Siti zipo, mama. Nyingi.” Kicheko kiwe kwenye uso wa konda anayeshtuka usingizini. Asiombe msamaha, na muziki wa huzuni usiuweke.

Koti jipya nalo liahirishe. Kumbadilisha koti ni kuchora upya mbele, ubavu, robo tatu (akiwa amegeuka kidogo) na mgongo, pamoja na mikono yote, na wachoraji unao wawili. Mbadilishie kofia.

Ile harusi ya sehemu ya 7 itoe kabisa. Kwanza mjenge huyo kijana atakayekalia kigoda; hata jina bado hujampa.

Kaka yako