Bega Kwanza, Uwakili Utakuja

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako tumeusoma, na baba yako kaurudia mara mbili pale uliposema ukitoka jeshi la Marekani Novemba unaingia moja kwa moja kwenye sheria, halafu siasa. Tumefurahi, nisikufiche. Ila bega lililoumia huko jeshini hukuligusa hata kwa neno moja. Dada yako ndiye aliyetuambia kuwa mpaka leo kuvua shati ni kazi.

Umemtaja Sam Houston, mwenye jina la mji unaokaa: askari, wakili, mwanasiasa. Haya, basi tumsome wote, usiruke kurasa.

Tarehe 27 Machi 1814, kwenye vita na Wacreek, wenyeji wa asili wa Marekani, pale Horseshoe Bend, alikuwa na miaka 21. Mshale ulimwingia pajani. Akamwamuru ofisa mwenzake auchomoe. Mara mbili ukagoma, mara ya tatu ukatoka na nyama yake. Jenerali Andrew Jackson akamwambia akae nyuma. Hakukaa. Akajitolea tena kuvamia boma la magogo, akapigwa risasi mbili bega la kulia. Daktari alitoa moja, ya pili akaiacha humo humo, maana alimhesabu hafiki asubuhi. Asubuhi alikuwa hai, lakini kidonda kile hakikupona sawasawa mpaka anaingia kaburini mwaka 1863. Umenielewa? Karibu miaka 50 na bega bovu.

Najua wewe unapopapenda ni pale mbele. Mwaka 1818 aliacha jeshi akiwa luteni, akaenda Nashville, jimbo la Tennessee, kusoma sheria. Enzi hizo ulikaa ofisini kwa wakili, ukasoma vitabu vyake, kisha ukahojiwa kwa mdomo. Wakili James Trimble alimpangia miezi 18, yeye akamaliza kama kwa sita. Akafungua ofisi Lebanon, mji wa huko huko Tennessee, kodi dola moja kwa mwezi, na muda si mrefu akawa mwendesha mashtaka wa wilaya ya Nashville. Mwaka 1823 yuko bungeni Washington, 1827 ni gavana wa Tennessee. Wewe njia hiyo ya mkato huna: ni shahada ya kwanza, miaka mitatu ya sheria, kisha mtihani wa uwakili wa siku mbili. Miaka hiyo yote utakaa kwenye kiti umeinamia vitabu, na bega hilo hilo.

Halafu 1829 ndoa yake changa ikavunjika, akajiuzulu ugavana, akarudi kwa Wacherokee, wenyeji wengine wa asili, waliomlea ujanani. Akanywa mpaka wakamwita Mlevi Mkubwa. Watu husema ni ndoa. Mimi nasema mtu mwenye kidonda kinachomkesha usiku hahitaji kusukumwa sana kuifikia chupa.

Texas aliingia Desemba 1832, ikiwa bado ya Mexico, akafanya uwakili Nacogdoches. Mali ya wakili kule ilikuwa hati za ardhi: mfugaji mwenye familia aliweza kupata ligi moja, yaani ekari 4,428, na hati zote kwa Kihispania. Hata ubatizo wa Kikatoliki aliupokea, kwa kuwa sheria ya Mexico iliwataka wahamiaji wawe Wakatoliki. San Jacinto, 1836, pale alipolishinda jeshi la Mexico, umeisoma shuleni kwenu huko. Akawa rais wa Texas mara mbili ilipokuwa nchi, seneta, kisha gavana tena, safari hii wa Texas. Mwaka 1861 alikataa kuapa kwa Muungano wa majimbo ya kusini yaliyojitenga na Marekani, wakamvua ugavana. Hapo nampa heko. Lakini watumwa aliwamiliki, kwa hiyo usimfanye mtume.

Sasa yako. Madai ya ulemavu kwenye Idara ya Maveterani yanapokelewa mapema, kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka. Hesabu leo hii. Ukichelewa hapo, yapeleke kabla mwaka haujaisha tangu utoke, ili malipo yahesabiwe kuanzia siku inayofuata baada ya kutoka kwako; ukipitisha mwaka, yanaanzia siku ulipopeleka. Wanataka vitu vitatu: ugonjwa uliopo sasa, tukio lililotokea jeshini, na daktari anayeunganisha hivyo viwili. Cha pili ndicho kinachowaangusha wengi, maana askari anaumia, anameza vidonge vya kwenye begi, hakuna kilichoandikwa. Kwa hiyo nenda zahanati ya kikosi ukiwa bado umevaa gwanda, useme mkono haupandi, uombe wapige picha, na uchukue nakala ya faili zima la matibabu. Ile DD-214, cheti cha kutoka jeshini, isome mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Kosa likishapita, linarekebishwa kwa karatasi nyingine na unasubiri.

Usiniambie kwamba wenzako watakuona legelege. Ukaidi huo najua umeurithi wapi. Baba yako naye presha hataki kupimwa, kila siku "kesho".

Huku mvua imetuharibia paa la jikoni. Fundi anataka mabati manane ya geji 30 na mbao mbili za kenchi. Nimemwambia aanze na upande wa jiko la mkaa, kule maji yanakoingia kwenye mifuko ya mahindi. Ada ya mdogo wako nimelipa nusu. Ukituma, tuma kwa namba yangu, si ya baba yako. Laini yake imefungwa tena.

Mama