Keshi za usiku uziache, baba

Mwanangu Baraka,

Hii barua nimeianza mara tatu kwenye simu nikafuta, sasa naandika hapa chumba cha mapumziko saa tisa usiku, wazee karibu wote wamelala, ukiona nimeruka kutoka jambo moja kwenda lingine ujue kengele imelia nikaenda kumgeuza mtu. Ningekuambia mdomo kwa mdomo ila ukiwa mbele yangu unasema "sawa mama" kabla sijamaliza sentensi, halafu unachukua funguo.

Neema ameniambia. Usimgombeze, nilimbana mimi, niliona umekaa ndani jioni siku nne mfululizo na wewe hukai ndani. Ameniambia habari ya ile pakingi, saa tano na nusu usiku, duka limefungwa, wewe umepiga magoti chini ya nguzo ya taa mkono uko ndani ya lile sketi la bati linalofunika kitako cha nguzo, na polisi kakumulika tochi anauliza unaficha nini pale. Na wewe ukamjibu unatafuta keshi, hivi viboksi vya mchezo wetu wa geocaching, mtu anaficha, wengine wanakitafuta kwa GPS ya simu na kusaini karatasi ya ndani. Mwanangu. Kwa Kiingereza neno keshi linatamkwa sawasawa na pesa taslimu, hata kwetu bibi yako akitusikia kwenye simu tunasema tumepata keshi anauliza shilingi ngapi. Umemwambia polisi usiku wa manane kwamba unatafuta hela chini ya nguzo ya duka la watu.

Na yote hiyo kwa sababu simu ililia kuna keshi mpya na ulitaka uwe wa kwanza kusaini.

Neema anasema ulimwambia asiniambie kwa sababu nitapaniki, kwamba ilikuwa dakika kumi tu, polisi akaangalia app akakuachia, na wala hakuwa mbaya. Namshukuru Mungu hakuwa mbaya. Ila hilo neno usipaniki sitaki kulisikia, maana mimi na wewe tulilisoma pamoja pale Delta Park, kwenye ile keshi ya kando ya reli ambayo tuliikosa mara mbili. Ulikuwa na miaka 11, tuliporudi nyumbani ukakaa kwenye kompyuta mpaka saa nne usiku unasoma habari za Vanport, ule mji uliokuwa pale zamani. Asubuhi ya tarehe 30 Mei 1948 watu wamewekewa karatasi milangoni, tuta ni salama kwa sasa, mtaonywa ikibidi, mtapata muda wa kutoka, msitaharuki. Jioni hiyohiyo tuta la reli likapasuka, mto Columbia ukaingia, mji wa watu zaidi ya 18,000 ukawa umekwisha, 15 wakafa, na kama theluthi ya wakazi walikuwa weusi ambao Portland ilikuwa haitaki kuwapangisha kwingine. Ukaniuliza kwa nini waliiamini ile karatasi. Sikuwa na jibu. Sasa na wewe unaniletea karatasi ileile mlangoni.

Jumapili unaondoka kwenda chuo Georgia. Georgia sio Oregon, na wala sisemi Oregon ndo peponi. Juzi nimefungua app nikaivuta ramani mpaka Atlanta, nikaona alama zimejaa kama upele, na mimi moyo unaenda mbio kwa sababu najua wewe ukiona vile unaona raha. Mimi nilikuwa naangalia kila alama najiuliza hii iko nyuma ya nyumba ya nani. Nilimfikiria yule kijana Ahmaud Arbery, Februari 2020, miaka 25, alikuwa anakimbia tu mtaani hukohuko Georgia, wanaume wakamfuata na magari na bunduki. Najua utaniambia mama ile ilikuwa mchana kweupe. Ndio, ilikuwa mchana, najua, ndo maana silali, kwa sababu hata ninachokuomba hakitoshi. Ila kilichopo mkononi mwangu ni hicho, usiku usitafute. Mchana angalau mtu anakuona uso, anaona begi lako, anaona unacheka na wenzako.

Yule bibi niliyekuwa namtunza kule kazini kwangu kwa zamani, aliyetufundisha huu mchezo, aliniambia ulivyoanza. Mpaka mwaka 2000 serikali ya Marekani ilikuwa inaivuruga makusudi GPS ya raia, unaambiwa uko hapa kumbe uko mita mia kule, halafu tarehe 2 Mei wakaacha kuivuruga, na kesho yake tu Dave Ulmer akabeba ndoo nyeusi ya plastiki mpaka porini Beavercreek, akaichimbia nusu, ndani kaweka vitabu na vitu vingine na kopo la maharage, akaweka namba za GPS kwenye intaneti watu waende. Tulienda kuona kile kibao cha kumbukumbu palepale tukafurahi wote, baba yako akataka apigwe picha. Lakini siku ile mimi nilisimama pale nikawaza kitu ambacho sikukisema, kwamba huyu bwana alichimba shimo porini na ndoo nyeusi na hakuna aliyemuuliza. Wewe ukifanya hivo hivo hapohapo nani atasema anacheza? Hilo ndo nilipaswa nikuambie siku ile, nikakuambia vaa koti.

Badala yake nilikufundisha kujificha. Kwenye huu mchezo kila mtu anafundishwa hivo, wapita njia wasijue, wasije wakaiba lile boksi, lakini watoto wa wenzetu wazungu wakijificha watu wanasema wanacheza. Mimi ndo nilikuambia jifanye unafunga kamba za viatu, jifanye unaongea na simu, akipita mtu angalia juu. Na yule mlinzi wa pale maduka ya Gresham nilimwambia natafuta hereni, na wewe umesimama pembeni yangu unasikia, una miaka tisa. Ukacheka njia nzima. Naiona sasa hivi ile kicheko.

Kwa hiyo sasa nakufundisha upya na usinikatishe. Mtu akija usiangalie pembeni, simama wima, mikono ionekane, toa kwenye lile sketi la taa kitambo kabla hajafika. Salimia wewe wa kwanza. Usiseme keshi, sema ni mchezo wa GPS, sema uko chuo fulani, muonyeshe app ikiwa tayari iko wazi mkononi, usiingize mkono mfukoni kuitafuta. Usikimbie. Hata ukiona aibu, hata akiongea vibaya, usikimbie. Keshi ikiwa karibu na nyumba ya mtu au uwanja wa watoto iache, iandike hukuipata, hakuna atakayekucheka. Kile kizibao cha rangi ya machungwa kinachong'aa nimekiweka kwenye begi kubwa chini ya mashuka, usikitoe. Nimekuona ulivyokitoa jana, nimekirudisha.

Na nyoka. Huko kuna nyoka wenye sumu wanaolala kwenye majani makavu, rangi yao na majani ni moja, huku Portland tumezoea kuingiza mkono kwenye shimo la mti kama tunaingiza kabatini. Tumia fimbo kwanza.

Sio kwamba sikuamini. Nakuamini kwenye pori kuliko ninavyojiamini mimi. Wewe ndo ulinifundisha kwamba chini ya misonobari namba zinayumba, kwamba ukikaribia mita kumi weka simu mfukoni, tumia macho, jiulize ungekuwa wewe ungeficha wapi. Nimewahadithia kazini hiyo. Kuna yule nesi Mfilipino kila nikimwambia mwanangu anaenda kusomea mambo ya ramani anasema ooh yule wa maboksi. Mtu aliyefika nchi hii na miaka sita hajui Kiingereza anaijua Portland kuliko waliozaliwa hapa, kila ngazi, kila daraja, kila jiwe lenye maandishi. Mtaa huu mimi ningeujua kituo cha basi na duka la mchele tu kama sio wewe kunivuta mkono kila Jumapili nimetoka shifti macho mekundu.

Na hizo Jumapili zetu, kwa kuwa tunaandikiana. Ile siku ya Forest Park sikuwa naongea na simu kama nilivyosema. Nilikuwa nimelala. Nilikaa kwenye kiti nikasema dakika mbili tu na nilipoamka dakika arobaini zimepita na wewe haupo, na uliporudi na matope na machozi nikakugombeza kwa nini umetoka kwenye njia. Ulikuwa na miaka kumi. Baba yako mpaka leo hajui. Haya, basi.

Unajua nikikaa hapa usiku kengele zikinyamaza ninachowaza ni wewe umepiga magoti na taa usoni. Kila siku ni picha hiyohiyo. Nakuomba tena kwa mara ya mwisho, na najua sio ya mwisho, usiku usitafute. Mtu mwingine akiwa wa kwanza kusaini hiyo keshi mwache awe wa kwanza. Ukipata wenzako chuoni wanaopenda, muende wanne watano mchana, Jumamosi, na mnitumie picha. Na kama siku moja umeshindwa kujizuia umetoka usiku, nipigie ukiwa unatembea, niweke sikioni mpaka unarudi chumbani. Atlanta wako mbele yetu saa tatu, saa tano usiku yako kwangu ni saa mbili tu, na hata ingekuwa saa tisa mimi si niko kazini niko macho. Usiniambie hutaki kunisumbua. Kunificha ndo kunisumbua.

Jambo lingine lile boksi letu la pale kanisani. Nimepita jana mvua ikinyesha, kifuniko hakijabana vizuri, logi, ile karatasi ya kusaini, imelowa nusu, nimeianika kwenye dashibodi. Nimeweka karatasi mpya na penseli, kalamu za wino zinakufa na hii baridi. Kuna mtoto kaacha gari dogo jekundu kachukua ile shilingi ya Tanzania, ni haki yake, lakini zimebaki mbili tu, nitamwambia shangazi yako akija alete nyingine. Lile kopo la kwanza la Africafé usilitupe, lina kutu lakini liko kwenye rafu ya gereji, ni langu. Sasa boksi bado liko kwenye akaunti yako, watu wakiandika kwamba limeharibika meseji inakuja kwako na wewe utakuwa Georgia, kwa hiyo kabla ya Jumapili nihamishie liwe kwa jina langu, Neema anasema inawezekana, ni kama mtu analiasili. Mchungaji nimeshamwambia kwamba sasa ni mimi wa kuulizwa.

Baba yako yuko Idaho na lori, anarudi Ijumaa usiku, anataka mkae wote wawili muondoe ule ukijani juu ya paa kabla hujaondoka maana na gata zimeziba na yeye mgongo wake unaujua. Usimpandishe ngazi. Panda wewe, yeye ashike. Corolla uisafishe, ina matope ya mwezi mzima na kuna kupe nimemkuta kwenye mkeka wa nyuma. Ile sufuria ya umeme ya wali nimekununulia mpya, ile ya zamani iache hapa, usichukue zote mbili kama ulivyofanya na blanketi. Mchele nimeufunga kilo tano, najua utasema na huko upo, sawa, lakini wiki ya kwanza hutajua unauzwa wapi.

Bibi yako Muheza mpigie kabla ya Jumamosi. Ananiuliza kila siku kama Georgia kuna baridi na mimi namjibu hakuna, yeye anasema basi amshukuru Mungu, ni hilo tu linalomsumbua. Usimwambie habari ya polisi.

Kengele ya chumba cha saba. Nitakuta umelala nikirudi, barua nitaiacha juu ya begi, pale kwenye kizibao. Chapati ziko kwenye friji kwenye foili, mbili ni za Neema.

Mama