Wifi yangu, siku nyingine nikalishe kwenye ndoo

Wifi yangu mpenzi, najua hii utaisoma umelala chali simu iko kifuani kama kawaida yako. Jina lako silitaji, wifi wako wengi.

Ile Jumapili nilivokuja kwenye chumba chenu kimoja Manzese nilifurahi, ubwabwa na yale maharage ya nazi mpaka leo navitamani. Ila uliposema "karibu kitandani wifi, jiachie tu" mwenzio nikakaa pembeni, nusu niko kitandani nusu niko hewani. Kile kitanda cha kaka yangu jamani! Kwetu Tanga dada mtu hakai kitanda cha kakake na mkewe, sio kwamba kuna anayekukamata, ni haya tu. Na macho niyapeleke wapi, huku msumarini khanga ya usiku, huku shanga zako zinachungulia chini ya mto, basi mi nikaikodolea macho kalenda ya ukutani kama natafuta sikukuu. Mara mtoto wa jirani kaingia kuchomeka simu chaji bila hodi, mara mama wa chumba cha tatu anaomba chumvi na yeye huyo, kaingia mpaka miguuni pa kitanda.

Utasema wifi we una sebule unaongea tu. Nimekaa miaka minane nyumba ya vyumba sita, korido katikati, vitatu huku vitatu huku, choo uani, dari hakuna, ukuta unaishia chini ya bati, jirani akipiga chafya unamwambia pole umelala zako. Tulikua tunafungulia redio, afu asubuhi bombani wanaulizana jana taarifa ya habari ilikua na nini mbona sauti kubwa hivo. Kwa hiyo nayajua.

Lakini bibi yetu nae alikua na chumba kimoja, mlango wenyewe kitenge kilichopauka, na hakuna mtu aliyekivuka. Hodi, ukinyamaziwa unarudi ulikotoka. Na madrasa tulisomeshwa Surat Nur, aya ya 58, watoto wabishe hodi nyakati tatu, kabla ya sala ya alfajiri, mchana watu wakivua nguo kupumzika, na baada ya isha. Ustadhi hakutueleza kwa nini, tumekuja kuelewa wenyewe tulipoolewa, ila sikia, aya haikusema mpaka uwe na vyumba vitano. Wenye majumba ya mawe kule Lamu walijenga chumba nyuma ya chumba, mgeni wa kawaida anaishia dakani, pale kibarazani mlangoni, ndani kabisa ni kwa wenyewe. Sie daka letu ni ndoo iliyopinduliwa mlangoni, mkalishe mtu hapo, mpe maji, hatakufa.

Na hizo status sasa. Ijumaa nimeamka nakuta shuka jeupe, asumini zimetandazwa, chetezo kinafuka moshi, na pembeni soksi za kaka yangu zile za kazini! Somo yako alikufunda ufukize udi, alikufunda utandaze asumini, kupiga picha alikufunda nani? Waliokuona siku ile ni pamoja na baba mkwe, mi nimeangalia kwenye simu yake, anakuona kila siku anajikausha tu.

Mwenyewe sijakamilika. Mwaka jana kikao cha vikoba tukafanya kwa video, mi niko kitandani najifanya niko ofisini, mume akapita nyuma na taulo, tena lile dogo. Wanawake kumi na nne kimya, mpaka mweka hazina akakohoa akasema tuendelee na ajenda. Toka siku hiyo simu inalala sebuleni.

Basi nimempa bodaboda pazia lako, la zambarau, zito, mita tatu, ligawe chumba kitanda kibaki nyuma. Kaka atakwambia hana misumari ya zege, muongo, iko kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, niliiona siku ile wakati natafuta pa kuangalia.