Barua kwa shoga yangu wa Malindi: chumba kile wasikifunge

Langoni, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Nataraji barua hii itakukuta mzima, wewe, mumeo na watoto. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini.

Habari uliyonipa ya kamati ya skuli imenikaa rohoni. Unasema wengi wao wanataka maktaba iondolewe, chumba kiwe cha tableti, na vitabu agawiwe kila anayetaka, kwa kuwa siku hizi kila kitu kimo kwenye simu. Ukaniuliza kama kuna haja ya kubishana nao. Haja ipo, shoga yangu, na ndiyo maana nakuandikia kwa kirefu, upate la kusema siku ya kikao.

Nianze na la hapa kwetu. Msikiti wa Riyadha unaujua, tumeshakwenda pamoja kwenye Maulidi. Mle mna hazina ya miswada ya zamani iliyoandikwa kwa mkono, ya fiqhi, ya nahau, ya kumsifu Mtume, mingi yake kwa Kiarabu. Miaka zaidi ya kumi iliyopita miswada hiyo ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa, kwa ufadhili wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, kisha picha zikawekwa kwenye intaneti aone kila mtu bila malipo. Miswada yenyewe ikabaki Lamu. Mimi nilifurahi mno. Chumvi ya bahari, unyevunyevu na mchwa havina huruma na karatasi, na wewe mwenyewe unajua ni vitabu vingapi vya mababu vilivyoishia kuwa vumbi ndani ya zidaka za nyumba zetu. Leo mwanafunzi aliye Zanzibar au Jakarta hufungua ukurasa ambao zamani angelazimika kuvuka bahari ili auone. Kwa hiyo wakikwambia kwamba anayetetea maktaba anauogopa wakati wa sasa, wakatalie.

Lakini wakumbushe pia lililotokea Oktoba 2023. Wadukuzi waliivamia mitambo ya hiyohiyo Maktaba ya Uingereza, na huduma zake za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Maktaba kubwa vile, yenye wataalamu na fedha, msomaji hakuweza hata kuitafuta orodha ya vitabu kwenye kompyuta! Miswada ya Riyadha ilikuwa palepale Langoni. Basi skuli yenu, ambayo umeme ukikatika hukaa kusubiri, itaweka vyote mahali pamoja kwa dhamana ya nani?

Hata hivyo hofu yangu kubwa haipo kwenye mitambo. Ipo kwa msomaji. Tendi na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zimejaa huko nje. Chuo cha SOAS cha London peke yake kina mamia ya miswada ya namna hiyo, na mingi imeshapigwa picha. Mpe kijana wa leo wa Lamu au wa Malindi ukurasa mmoja katika hiyo. Atautazama, atasema ni mzuri, ataurudisha. Bibi zetu waliandikiana kwa herufi hizo habari za mahari na za madeni ya dukani, na mjukuu anaweza kuikuza picha kwa vidole viwili lakini hawezi kuisoma. Simu nayo haimsaidii, kwa sababu picha ya mwandiko haitafutiki kwa kuandika neno mpaka kwanza apatikane mtu wa kuusoma na kuuchapa.

Na kuusoma kwenyewe kunataka mtu aliyelelewa katika lugha. Herufi moja, be, iliandikwa mahali pa b, pa p na pa mb, hata bata, pata na mbata zikaweza kufanana kabisa kwenye karatasi. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, aliona tabu hiyo akabuni alama za kuzitenganisha sauti zetu, lakini waandishi wengi waliendelea kuandika kama walivyozoea. Anayejua kuchagua neno lililokusudiwa ni yule aliyekaa na wakubwa akawasikia wakisoma. Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19, ilisifika kwa wanakili wa misahafu, na ufundi ule ulishuka kwa njia hiyo: mdogo ameketi karibu na mkubwa, jicho kwenye kalamu. Kamera haikuweza kuyapiga picha maarifa hayo. Ikiwa hatutawafundisha watoto, tutabaki na picha safi zisizo na msomaji, na hilo linaniuma kuliko mswada wowote ulioliwa na mchwa.

Kwa nini nakueleza haya yote na wewe una watoto wa darasa la tatu wanaosoma hadithi za sungura? Kwa sababu kwao ni vilevile. Mtoto huanza kupenda kitabu kwa sababu kuna mtu mbele yake anayekipenda. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwenye kikao liwe hili: nani atakaa katika chumba hicho kila siku, awasomee, awaulize, amjue yule aliyeishia ukurasa wa kumi? Wakiwa na jina la mtu huyo, tableti hazitadhuru kitu. Wasipokuwa nalo, vitabu na tableti vyote vitakula vumbi.

La pili, wakitaka kununua vitabu vya kidijitali, waulize kama faili zitakuwa mali ya skuli. Mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta kutoka mbali vitabu vya kidijitali ambavyo wateja walikuwa wamekwisha kuvilipia, vikatoweka kwenye vifaa vyao. Walirudishiwa pesa, lakini kitabu kimeondoka. Kitabu cha karatasi kwenye rafu hakuna anayekifuta akiwa ng'ambo.

Vipo vya bure na vya halali. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili ambazo leseni yake inaruhusu kuzipakua na kuzichapisha, mkazishona wenyewe zikawa vitabu. Kwa programu ya Kiwix mnaweza kuiweka Wikipedia nzima ya Kiswahili kwenye kompyuta moja, watoto wakaisoma bila bando wala intaneti.

Na fedha? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezitaja maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kaunti ya Kilifi inapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, nendeni wazazi wengi, mkaombe mkutubi. Garissa na Wajir vitabu vimebebwa kwa ngamia tangu miaka ya 1990 kuwafuata wafugaji, basi sioni kwa nini mji kama Malindi ushindwe kumlipa mtu mmoja. (Mimi hutamani siku moja tuwe na jahazi la vitabu, liende Siyu, Faza na Kizingitini. Nitalisema hilo huku kwetu mpaka wanichoke.)

Nijibu kabla ya siku ya kikao, nijue umejipangaje. Ikishindikana kabisa, wasivigawe vitabu ovyo. Vifunge vizuri, umpe dereva wa basi la Mokowe, pale gati ya bara, nami nitakwenda kuvipokea na kuvivusha.

Wasalimie wote.

Ni mimi shogayo